Mtandao ukikatika: mpangilio wa nyaya hukuonyesha pa kuanzia

Mtu akikuambia "mtandao haupo", amekutajia dalili moja yenye vyanzo vingi. Kabla ya kuzima ruta na kuiwasha tena, uliza kwanza: nani mwingine hana mtandao? Jibu la swali hilo huokoa muda kuliko kifaa chochote cha kupimia, kwa sababu hitilafu husambaa kwa kufuata mpangilio wa mtandao wenyewe.

Mitandao mingi ya leo imepangwa kwa umbo la nyota. Kila kompyuta ina kebo yake inayoishia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo nyingi pamoja. Swichi ndogo huungana na swichi kuu. Swichi kuu huungana na ruta, na ruta na kifaa cha mtoa huduma ya intaneti. Kebo moja ikikatika, kompyuta moja tu hupotea. Swichi ikizimika, kundi lake lote hupotea. Haikuwa hivyo enzi za mpangilio wa basi, ambapo kompyuta zote ziliunganishwa kwenye kebo moja nyembamba ya koaksi isiyozidi mita 185, yenye kizuizi cha omu 50 kila mwisho: kiungio kimoja kikilegea, wote walianguka. Mpangilio wa pete bado unatumika viwandani na kwenye nyaya za kioo za watoa huduma, kwa kuwa data inaweza kupita upande wa pili pale upande mmoja unapokatika.

Chora mtandao wako kwenye karatasi: ruta, kila swichi, kila kisambazaji cha Wi-Fi, na namba ya poti ambako kila kebo imechomekwa. Kisha linganisha na walioathirika:

- Mmoja tu: kebo yake, poti yake au mipangilio ya kompyuta yake.
- Wa chumba kimoja: swichi yao, au kebo inayoiunganisha na swichi kuu.
- Wa Wi-Fi tu: kisambazaji, au anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao) zimekwisha.
- Wote hawana intaneti, lakini printa na mafaili ya ndani yanapatikana: ruta, mtoa huduma au DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP).
- Wote, na hata ndani hakuna kitu: umeme, swichi kuu, kitanzi cha kebo, au ruta ya pili iliyochomekwa kimakosa.

Taa ya poti haiwaki

Taa ndogo kwenye poti ya kompyuta na ile ya swichi huwaka pale tu pande mbili zinapotambuana. Zikiwa zimezima, usihangaike na anwani za IP. Tatizo liko kwenye waya, kwenye poti, au kadi ya mtandao imezimwa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichoponya. Hamishia kebo kwenye poti nyingine ya swichi unayojua ni nzima. Isipowaka, badilisha kebo fupi inayotoka kwenye kompyuta kwenda soketi ya ukutani. Hiyo ndiyo inayokanyagwa, kubanwa na miguu ya meza na kuvutwa wakati wa kufagia, kwa hiyo hufa mapema kuliko iliyo ndani ya ukuta. Bado? Peleka kompyuta mpakato kwenye soketi ileile. Ikipata mtandao, kosa liko kwenye kompyuta ya kwanza. Isipopata, kosa liko ukutani au kwenye plagi za ncha mbili.

Ukilazimika kubana plagi mpya ya RJ45, fuata mpangilio mmoja pande zote mbili. Mpangilio unaoitwa T568B, ukishika plagi kipini chake cha kufungia kikiwa chini na nyaya zikielekea kwako, ni huu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13, na ganda la nje la kebo liingie ndani ya plagi ili libanwe pamoja na nyaya. Plagi iliyobana nyaya tupu bila ganda hulegea mara ya kwanza inapovutwa.

Kuna kosa moja linalowapotosha hata mafundi: kupanga nyaya jozi kwa jozi kwa ufuatano, chungwa, kijani, buluu, kahawia, pande zote mbili kwa namna ileile. Kipimo cha kebo chenye taa nane kitawasha taa zote kwa mpangilio sahihi, nawe utaamini kebo ni nzima. Lakini pini ya 3 na ya 6 zinapaswa kutoka kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, na hapa zimetoka kwenye jozi mbili tofauti. Msokoto hauondoi tena mwingiliano wa mawimbi, na kebo inayofanya kazi kwenye mita 2 inashindwa kwenye mita 30. Kata plagi, bana upya.

Urefu nao una mpaka: mita 100 kati ya vifaa viwili, zikijumlishwa zile fupi za ncha zote mbili. Jihadhari pia na kebo za bei ya chini ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kirahisi zinapopindwa, na zikibeba umeme wa kamera au wa kisambazaji cha Wi-Fi, volti hushuka njiani na kifaa hujizima na kujiwasha bila utaratibu.

Taa inawaka, lakini hakuna mtandao

Sasa angalia anwani. Kwenye Windows andika `ipconfig /all`. Kwenye Linux `ip a` kisha `ip r`. Unatafuta vitu vinne: anwani ya IP, maski ya subneti (inayoonyesha anwani zipi ziko ndani ya mtandao wako), lango kuu (anwani ya ruta) na seva ya DNS.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Anayetakiwa kujibu ni huduma ya DHCP, ile inayogawa anwani, ambayo kwa kawaida iko ndani ya ruta. Kama ni kompyuta moja tu, rudi kwenye kebo, au ipe kompyuta anwani kwa mkono uone kama inafikia ruta: ikifikia, waya ni mzima na DHCP ndiyo yenye kasoro. Kama ni wengi, na hasa kama waliowahi kuingia wanaendelea vizuri huku wanaochelewa wakikosa, hesabu anwani. Ruta iliyowekwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 ina anwani 50 tu. Simu, runinga, kamera na printa kila moja hula moja, na simu zinazobadilisha utambulisho wa kadi yao (MAC) zinaweza kuchukua anwani mpya huku ya zamani ikiwa bado imeshikiliwa kwa saa 24.

Tiba mbili hutosha mara nyingi: panua eneo la kugawa, kwa mfano .20 hadi .239, na kwa mtandao wa wageni punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa 2. Ukihitaji zaidi ya anwani 254, maski ya 255.255.254.0 inakupa 510. Hapo kumbuka kubadilisha maski pia kwenye kila kifaa ulichokipa anwani kwa mkono. Kifaa kilichobaki na 255.255.255.0 kitawaona nusu ya wenzake na nusu kisiwaone, na dalili hiyo huzungusha watu siku nzima kwa sababu inaonekana kama kebo mbovu.

Onyo kwamba anwani imegongana na ya kifaa kingine lina maana moja: vifaa viwili vinatumia namba ileile. Karibu kila mara mmoja amewekewa kwa mkono ndani ya eneo ambalo DHCP inagawa. Weka za mkono nje ya eneo hilo.

Baadhi wanapata, baadhi hawapati, na hali inabadilika kila wakiwasha upya

Hapa shuku ruta ya pili. Mtu ametaka Wi-Fi yenye nguvu chumbani kwake, akachomeka ruta yake ya zamani kwenye soketi ya ukutani kwa kutumia poti ya ndani ya ruta hiyo. Sasa mtandao una wagawaji wawili wa anwani, na kompyuta kwa kawaida huchukua jibu linalotangulia kufika. Aliyejibiwa na ruta ngeni anapewa lango lisilo na njia ya kutoka.

Linganisha kompyuta inayofanya kazi na isiyofanya kazi. `ipconfig /all` huonyesha anwani ya seva ya DHCP iliyojibu, zikitofautiana, umeshampata. Tuma ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) isiyokatika kwenda kwa mgeni huyo, mfano `ping -t 192.168.0.1`, kutoka kwenye kompyuta iliyopata anwani yake, kisha chomoa kebo moja moja kwenye swichi kuu, ukiacha ya kompyuta unayopimia. Kebo ambayo kuichomoa kunakata majibu ndiyo inayoelekea kwa mgeni. Kwenye swichi inayosimamiwa, yaani unayoweza kuingia na kubadilisha mipangilio yake, kazi ni nyepesi zaidi: `arp -a` inakupa utambulisho wa kadi ya ruta hiyo, na jedwali la swichi linakuonyesha poti iliyopo.

Kesi ngumu ni pale ruta zote mbili zina anwani 192.168.1.1. Wote wanapewa anwani zinazofanana na sahihi, lakini pakiti (vipande vya data) zinakwenda mara huku, mara kule. Angalia kwa `arp -a` mara kadhaa: ikiwa anwani ya lango inabadilisha utambulisho wake, wako wawili.

Huna haja ya kumnyang'anya mtu ruta yake. Zima DHCP ndani yake, ipe anwani isiyotumika kama 192.168.1.2, uiache imechomekwa kwa poti ya ndani. Itakuwa kisambazaji cha Wi-Fi cha kawaida. Kama swichi yako inasimamiwa, washa ulinzi wa DHCP na uruhusu majibu kutoka poti ya ruta halisi pekee.

Kila kitu kimeganda na taa za swichi zinametameta zote kwa pamoja bila kupumzika

Hicho ni kitanzi. Ncha mbili za kebo moja zimechomekwa kwenye swichi ileile, au swichi ndogo ya mezani imeunganishwa na soketi mbili za ukutani, au simu ya mezani yenye poti mbili imechomekwa zote mbili ukutani. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo hizi, haina kihesabu cha kuizima baada ya kuzunguka sana. Tangazo moja linalokwenda kwa wote litazunguka na kuzaliana hadi swichi zishindwe kupitisha kingine chochote. Ndiyo maana kosa dogo la kebo fupi linaangusha jengo zima, hata vyumba visivyohusika.

Nenda kwenye swichi kuu. Chomoa kebo zinazokwenda kwenye swichi nyingine, moja moja, na baada ya kila moja subiri sekunde chache ukitazama taa. Zikitulia, kitanzi kiko upande wa kebo uliyoishika. Rudisha nyingine zote ili watu waendelee na kazi, kisha fuata hiyo moja hadi chumbani na urudie zoezi kwenye swichi ya huko.

Itifaki ya STP, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, huzuia janga hili kwa kufunga njia ya ziada kabla haijageuka kitanzi. Swichi ndogo zisizosimamiwa kwa kawaida hazina. Swichi kuu angalau iwe nayo, na iwe imewashwa.

Ndani kuzuri, nje hakuna

Panda ngazi moja moja, na usiruke. Tuma ping kwa lango kuu, tuseme 192.168.1.1. Likijibu, mtandao wa ndani ni mzima. Kisha `ping 1.1.1.1` au `ping 8.8.8.8`. Zisipojibu, `tracert -d 1.1.1.1` huonyesha pakiti zinakoishia: zikiishia kwenye ruta yako, angalia kebo na taa za kifaa cha mtoa huduma, zikitoka hatua moja au mbili kisha zikapotea, mpigie mtoa huduma ukiwa na matokeo hayo mkononi.

Namba zikijibu na majina yakagoma, ni DNS. Hakikisha kwa `nslookup example.com`, kisha `nslookup example.com 1.1.1.1`. Ya pili ikijibu na ya kwanza ikashindwa, seva ya DNS unayopewa ina kasoro. Ibadilishe kwenye ruta, si kwenye kompyuta moja moja.

Tovuti zote zikilalamika kuhusu cheti cha usalama, tazama tarehe na saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka, na vyeti vyote huonekana havijaanza kutumika.

Dalili nyingine inayochanganya: ping inajibu, kurasa ndogo zinafunguka, lakini kurasa nzito zinaning'inia. Mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Ethernet hubeba baiti 1500; muunganisho wa PPPoE, unaotumiwa na baadhi ya watoa huduma, hubakiza 1492. Jaribu `ping -f -l 1472 1.1.1.1` kwenye Windows (1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500). Ikikataa huku 1464 ikipita, weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1492 upande wa nje wa ruta.

Mtandao upo, lakini unatambaa

Angalia kwanza kasi ambayo poti imekubaliana nayo. Tumia `ethtool eth0` kwenye Linux, ukiweka jina la kadi yako, au hali ya adapta kwenye Windows. Ukikuta Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) pale ulipotarajia gigabiti 1, hesabu nyaya. Mbps 100 hutumia pini za 1, 2, 3 na 6 pekee; gigabiti inahitaji zote nane. Waya mmoja wa buluu au kahawia ukikatika, kebo haifi, ila hushuka daraja, na mafaili yanayonakiliwa hayazidi takriban megabaiti 11 au 12 kwa sekunde.

Kasi ya mafaili ikiwa mbaya zaidi ya hapo, huku ping ndogo zikipita bila shida, tazama kama mtu amefunga upande mmoja kwenye Mbps 100 za njia mbili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) na upande wa pili umeachwa ujichagulie. Upande unaojichagulia hutambua kasi lakini hauwezi kutambua njia mbili, hivyo huchukua njia moja. Migongano ya kuchelewa huonekana kwenye kaunta za upande wa njia moja, na makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) upande wa pili. Acha pande zote mbili zijichagulie; kwa gigabiti ya kebo ya shaba, kujichagulia ni lazima.

Wote wakilalamika kwa saa zilezile, tuma ping kwenda nje wakati huo. Ikitoka milisekunde 20 hadi mamia, mtu anapakia nakala za mafaili au video na ameujaza upande wa kupakia. Foleni imejengeka ndani ya ruta au kifaa cha mtoa huduma. Weka kikomo cha kasi ya kupakia kwenye ruta kiwe takriban asilimia 90 ya ile uliyopima, ili foleni ibaki mahali unapoweza kuipanga.

Usisahau adapta ya umeme. Ruta ya volti 12 iliyopewa adapta ya volti 9 inaweza kuwaka vizuri asubuhi na kujizima watu wanapoongezeka. Volti ziwe sawasawa, ampea ziwe sawa au zaidi, na upande wa chanya ulingane.

Wi-Fi peke yake

Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 zenye upana wa MHz 20. Kuchagua chaneli 3 ili "kuwakwepa" walio kwenye 1 na 6 kunakuletea kelele za wote wawili. Nguvu ya mawimbi ya -67 dBm inatosha hata kwa simu za sauti; chini ya -80 tegemea kukatika. Mawimbi yakiwa na nguvu lakini kasi ikawa duni, chaneli imesongamana, na kuongeza nguvu za kisambazaji hakusaidii, kwa sababu simu haiwezi kujibu kwa sauti kubwa kama yake.

Kwenye GHz 5, wote wakidondoka kwa pamoja kwa kama dakika moja kisha wakarudi, angalia kama uko kwenye chaneli kati ya 52 na 144. Kisambazaji kikihisi rada hapo ni lazima kihame, na kikihamia chaneli nyingine ya eneo hilo husikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Hamia 36 hadi 48.

Printa au folda ya pamoja haionekani

Kama intaneti ipo, kagua mambo mawili. Windows huenda imeuweka mtandao wako kama wa umma, na ngome yake hufunga kushirikiana mafaili na hata ping. Ubadilishe uwe wa binafsi. Au simu imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kazi yake ni kuwatenga wageni na vifaa vya ndani.

Printa iliyokuwa ikifanya kazi jana na leo haipo huwa imepewa anwani mpya na DHCP. Itengee anwani ya kudumu ndani ya ruta kwa kutumia utambulisho wa kadi yake, izime na kuiwasha, kisha kwenye kila kompyuta futa printa ya zamani na uiongeze upya kwa anwani hiyo. Ukiacha ile ya zamani, kompyuta itaendelea kutuma kazi kwenye anwani isiyo na kifaa, na foleni ya uchapishaji itakwama hata printa ikiwa nzima.